UZI: Utafiti unafikaje kitandani kwa mgonjwa? Wauguzi wenzangu wa Dodoma na kanda ya kati njooni tuongee

Mleta uzi

Habari za jioni wadau, na mbukwenyi kwa mlioko hapa Dodoma. Uzi ni mrefu, naombeni mnivumilie.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga kwenye hospitali moja ya huku kwetu, jina la hospitali nalihifadhi. Nina masters ya uuguzi wa watoto. Tangu nirudi kazini kutoka masomoni kuna kitu kinanikaa moyoni, nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Chuoni tulifundishwa vizuri sana kutafuta makala za utafiti, kuzichambua, kuandika ripoti, walimu wakasifia. Nimerudi wodini nakuta usiku tuko wauguzi wawili, watoto ishirini na kitu, kompyuta iko ofisini kwa inchaji na ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Sasa huo utafiti nausoma saa ngapi na nikishausoma namwambia nani?

Ngoja niwape kisa ndo mtanielewa. Ilikuwa mwezi wa saba, mnaijua baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba alfajiri, upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Tukapokea mtoto njiti wa kilo 1.3, mama katokea kijijini huko wilaya ya Chamwino. Mtoto yuko kwetu kwenye inkyubeta, lile sanduku la joto, pamoja na mwenzie, mama yuko wodi ya wazazi ghorofa nyingine, analetwa kila baada ya masaa matatu kukamua maziwa alafu anarudishwa. Nampima joto mtoto nakuta 35.1. Nampasha, napima tena, bado.

Sasa mimi nilikuwa nimeshasoma ule utafiti mkubwa wa kangaruu, yani mtoto kukaa kifuani kwa mama, uliotoka 2021, uliofanyika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa kwetu Tanzania. Watoto 3,211 wenye kilo 1 mpaka pungufu kidogo ya 1.8. Kundi moja waliwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa hata kama bado hawajawa imara, mama analala humo humo kwenye wodi ya wachanga. Kundi la pili walisubiri mtoto awe imara kwanza kama tulivyozoea. Waliowekwa kifuani mapema walikufa wachache zaidi, kwa robo nzima, mpaka kamati iliyokuwa inaangalia usalama ikashauri utafiti usimamishwe kabla ya muda uliopangwa. 2022 mwezi wa 11 WHO, Shirika la Afya Duniani, nao wakabadilisha mwongozo wao, kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kwa siku.

Nikaomba mama aletwe akae na mwanae. Nikajibiwa utaratibu hauruhusu, mtoto atoke kwenye oksijeni kwanza. Na aliyenijibu siyo mtu mbaya wala mvivu, ni muuguzi ninayemheshimu, amenizidi miaka mingi kazini na mikono yake imeokoa watoto wengi kuliko mimi. Alikuwa anafuata alichofundishwa, na alichofundishwa kilikuwa sahihi kwa wakati wake, mwongozo ulikuwa unasema hivo hivo subiri awe imara.

Mtoto yule alifariki siku ya nne.

Kesho yake nilienda steshenari nikaprinti ile makala yote nikampelekea matroni, na nyingine nikaiweka mezani kwenye stesheni ya wauguzi. Ilikaa pale wiki tatu, mtu akaandikia namba za simu nyuma yake. Hapo ndo nikaelewa kwamba kuwa na utafiti mkononi ni kitu kimoja na utafiti kufika kwa mgonjwa ni kitu kingine kabisa.

Swali langu kwenu: nyie wenye taaluma maalum, wakunga, wa magonjwa ya akili, wa figo, wa ICU (wagonjwa mahututi), mnapataje hizi tafiti na mkishazipata mnafanyaje zifanye kazi?

---

Mchangiaji wa 1 (mkunga, Kondoa)

Pole sana dada, nimesoma hiyo ya siku ya nne nikanyamaza kidogo.

Mimi nakwambia ukweli, makala kamili sijawahi kusoma hata moja toka nimalize diploma. Siyo kwamba sipendi, ukibonyeza unaambiwa lipia dola thelathini na kitu, hiyo ni hela ya chakula nyumbani. Ninachojua kipya najua kwa mtu. Kuna mkunga mwenzetu alihudhuria mafunzo Dodoma mjini akarudi na habari ya lile shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama akishajifungua, lina mfuko wenye mistari ya kupimia damu. Tulikuwa tunakadiria kwa macho tu, unaangalia kitenge kimelowa unasema mils 300 kumbe ni 700. Alivyorudi hakutupa karatasi, alichukua maji ya rangi akamwaga kwenye kitenge mbele yetu akauliza hapa ni kiasi gani, wote tulikosea, mpaka inchaji. Siku hiyo hiyo tulibadilika.

---

Mleta uzi

Dada wa Kondoa asante. Unajua huo utafiti ulioutaja una Watanzania ndani yake? Ulitoka 2023, ulifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, hospitali karibu 80, akina mama zaidi ya laki mbili. Kule walikopima damu kwa mfuko wenye mistari alafu wakatoa huduma zote kwa pamoja bila kusubiriana, yani kusugua kizazi, dawa za kukaza kizazi, traneksamiki (dawa ya kupunguza kutoka damu), dripu, na kumchunguza mama kutafuta damu inatoka wapi, matatizo makubwa ya kutoka damu yalishuka kwa 60 kwa mia. Akina mama waliopatwa walikuwa 1.6 kwa kila mia, kule kulikoendelea na kawaida walikuwa 4.3.

Na hicho ulichosema cha kujua kwa mtu usikionee aibu, hata Uingereza kwenye maktaba kila kona iko hivo hivo. 2001 kuna watafiti walichapisha kazi waliyofanya kwenye hospitali tatu kubwa za huko, waliwafuatilia wauguzi wanapofanya maamuzi wanatumia nini. Wakakuta wauguzi wanategemea watu kuliko maandishi, na mtu waliyemuona wa msaada zaidi alikuwa muuguzi mwenye taaluma maalum, mana anaujua utafiti na anaijua wodi pia. 2004 wengine wakakaa na madaktari na manesi wa zahanati kule kule Uingereza, wakakuta hawafungui miongozo mara kwa mara, wanatembea na mwongozo ulioko kichwani, uliojengwa na uzoefu na maongezi ya wenzao.

Kwaiyo mimi nimefika mahali naamini hivi: muuguzi bingwa ndo njia yenyewe. Yeye akiacha kusoma, wodi nzima imeacha kusoma, hata kama hawajui.

---

Mchangiaji wa 2 (Singida)

Samahani mkuu mimi naona tofauti. Hizi tafiti nyingi ni za wazungu, mazingira yao na yetu ni mbingu na ardhi. Wao muuguzi mmoja mgonjwa mmoja ICU, sisi tunalaza watoto watatu kitanda kimoja. Tukizifuata kama zilivyo tutaumiza watu. Mimi naamini uzoefu.

---

Mleta uzi

Kaka wa Singida hoja yako ni nzito, na mfano unaokuunga mkono ninao, tena mkubwa.

Miaka ile mtoto akija na homa kali, mikono baridi, mzunguko wa damu mbovu, tulifundishwa mkimbizie dripu ya haraka, mimina. Ilitoka kwenye miongozo ya nchi tajiri. 2011 ukatoka utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000, wakalinganisha waliomiminiwa na wasiomiminiwa. Ndani ya masaa 48 waliomiminiwa walikufa kama 10 na nusu kwa kila mia, wasiomiminiwa 7 na kidogo. Yani tulichokuwa tunafanya kwa moyo mweupe kilikuwa kinaongeza vifo. Hapo uko sahihi kabisa, cha kwao kilituumiza.

Ila angalia kilichotuonyesha hivo. Uzoefu haukutuonyesha. Kila muuguzi aliyemimina dripu alimuona mtoto anachangamka saa la kwanza, akaamini imefanya kazi, na uzoefu wake ukamwambia endelea. Mtu mmoja kwenye wodi moja hawezi kuona tofauti ya watoto watatu kwa mia kwa macho yake. Ilibidi watu wahesabu watoto 3,000.

Na siyo kweli kwamba zote ni za kwao. Kangaruu yenyewe ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, kwa sababu inkyubeta zilikuwa hazitoshi, kama sisi. Na hapo Kongwa, barabara ya kwenda Mpwapwa, miaka ya tisini ulifanyika utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, kwenye vijiji, wakaona watoto wanaooshwa uso ukabaki safi wanapata trakoma kali kwa uchache zaidi, ukachapishwa 1995. Kuosha uso ikawa sehemu ya mkakati unaotumika duniani kupambana na trakoma. Watoto wa Kigogo ndo walioipa dunia ushahidi huo, alafu sisi wauguzi wa Dodoma tunaamini utafiti ni kitu cha Ulaya. Hili linaniuma sana.

---

Mchangiaji wa 3 (mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

Shikamooni wakubwa. Sista mleta uzi naomba unisaidie, mimi nikifungua makala nikifika kwenye zile namba za takwimu naishia hapo, naruka naenda hitimisho. Unasomaje? Alafu unazipata wapi bure mana umesema kama rahisi

---

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Uliza tu.

Kupata. Anza na PubMed, ni tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa afya, ni bure, kutafuta hakulipiwi. Ukishaandika unachotafuta kuna sehemu pembeni unachagua makala zenye nakala kamili ya bure tu, zinabaki zile unazoweza kufungua zote. Pili kuna maktaba ya Cochrane, wale wanakusanya tafiti zote za swali moja wanazipima pamoja wanakupa jibu, na mwanzoni kuna muhtasari wa lugha nyepesi bila takwimu, mtu yeyote anausoma. Kwa haraka zamu ya usiku mimi naanzia hapo. Tatu kuna Hinari, hii iko chini ya WHO tangu 2002, inafungua majarida mengi sana ya kulipia kwa nchi kama yetu. Ila sikiliza vizuri, Hinari haisajili mtu mmoja mmoja, inasajili taasisi. Chuo chako kiulizie maktaba. Nina hospitali naijua ilikuwa imesajiliwa miaka mingi lakini paswedi alikuwa nayo mtu mmoja aliyekwishahama, hakuna aliyeuliza. Na ukikosa kabisa mwandikie mwandishi wa makala, imeili yake iko pale pale juu, nimeandika mara nyingi na wengi wanajibu wanatuma PDF kwa furaha.

Bando ni tatizo najua. Muhtasari haumalizi bando, PDF ipakue chuoni.

Usitafute kwa neno moja kama "njiti", utaletewa maelfu. Geuza shida yako iwe swali: mgonjwa gani, nimfanyie nini, badala ya nini, nataka kuona nini kibadilike. Mimi langu lilikuwa mtoto wa chini ya kilo 1.8, kangaruu ya mapema, badala ya kusubiri, je atapona.

Kusoma namba. Usiogope, chukua huo huo wa kangaruu. Waliosubiri walikufa 15.7 kwa kila mia mpaka siku ya 28. Walioanza mapema 12.0. Sasa watu wataandika "vifo vimepungua asilimia 25", ni kweli, 12 ni pungufu ya 15.7 kwa robo. Lakini wewe muuguzi toa moja kwa nyingine, 15.7 toa 12 unapata 3.7. Maana yake ukiwaweka watoto 100 kifuani mapema unaokoa karibu wanne. Au igeuze, watoto kama 27 wakiwekwa kifuani, mmoja anapona ambaye angekufa. Hesabu hiyo ndo inakwambia kwenye wodi yako itamaanisha nini. Sisi tunapokea njiti kama hao 27 haraka tu.

Na nikwambie kitu kingine ambacho hesabu hiyo ilinifundisha. Yule mtoto wa mwezi wa saba, siwezi kusema angepona. Huenda alikuwa kwenye wale 12 ambao wangekufa kwa vyovyote. Nilijilaumu muda mrefu na nikawalaumu wenzangu kimoyomoyo, utafiti haunipi haki ya kufanya hivo. Unanipa sababu ya kuhangaika kwa ajili ya anayefuata.

Kingine, angalia walifanyaje, usiangalie matokeo tu. Kundi la mapema watoto walikaa kifuani karibu masaa 17 kwa siku. Kumi na saba! Kwaiyo wewe ukimpa mama lisaa asubuhi na lisaa jioni alafu ukasema tumefanya kangaruu haijasaidia, hujafanya walichofanya wao.

---

Mchangiaji wa 4 (muuguzi wa afya ya akili, Dodoma)

Mimi tatizo langu siyo kupata. Nasoma, nina shahada ya pili. Tatizo ni nani ananisikiliza. Nikisema tupunguze kumfunga mgonjwa tujaribu kwanza kuongea nae na kumtuliza, kuna njia zimefanyiwa utafiti, naambiwa wewe ni nesi, subiri daktari aandike. Daktari akisema neno hilo hilo linakuwa agizo. Dada umetuambia ile makala iliishia kuandikiwa namba za simu, sasa mwisho wake ulikuwaje?

---

Mleta uzi

Kaka hapo umegusa penyewe. Marekani 1991 walitengeneza dodoso la kuwauliza wauguzi nini kinawazuia kutumia utafiti, likaja kutumika nchi nyingi sana baadae. Wauguzi zaidi ya 900 walijibu mara ya kwanza na kizuizi kilichopata alama za juu kabisa ni hicho chako, muuguzi anaona hana mamlaka ya kubadilisha huduma ya mgonjwa. Muda nao ulikuwa juu. Miaka zaidi ya thelathini imepita na wewe Dodoma unaandika kitu kile kile.

Mwisho wake ulikuwa hivi, na nauelezea kwa urefu mana labda utamfaa mtu.

Niliacha kugawa karatasi. Nikaenda kwa yule yule muuguzi mkubwa aliyenikatalia, nikamkuta usiku saa nane hivi wodi imetulia, nikamwambia dada naomba unisaidie, ukiangalia watoto wetu wanaopoa usiku unaona ni wakati gani zaidi? Akaanza kunielezea, anajua kila kitu, ni alfajiri, na ni wale walio karibu na dirisha, na umeme ukikatika. Tukaamua tuandike joto la kila njiti saa kumi na moja alfajiri kwenye daftari la kawaida la shule, mwezi mzima. Hatukumwambia mtu kwamba ni utafiti.

Mwezi ulipoisha daftari lilijisemea lenyewe, ilikuwa nadra kupita alfajiri moja bila mtoto aliyepoa. Tukamwendea daktari wa watoto baada ya raundi, lakini nilimuacha dada mkubwa aongee yeye, mimi nikaweka ule mwongozo wa WHO pembeni, kurasa moja tu yenye pendekezo lenyewe nimeipigia mstari. Daktari akauliza swali moja, mama atakaa wapi na oksijeni itafikaje. Swali la haki kabisa. Tukamjibu tumepima, viti vitatu vya kuegemea vinaingia ukutani upande wa mlango, na mpira wa oksijeni unafika. Viti viwili vilitoka stoo vikashonwa upya na fundi wa mtaa wa Majengo, cha tatu tulichanga wauguzi wenyewe. Akina mama walikuja na vitenge vyao, kumfunga mtoto kifuani wanajua kuliko sisi.

Kutoka ile karatasi ya steshenari mpaka mama wa kwanza kukaa kwenye kile kiti ilichukua miezi saba. Na baada ya hapo wa kwanza kuwafundisha wauguzi wapya kangaruu ni yule dada mkubwa, anawafundisha kwa mikono yake, sijamsikia akitaja makala hata siku moja na haina haja.

Kwa kaka wa afya ya akili: tafuta daftari lako. Andika kwa mwezi mmoja nani alifungwa, saa ngapi, nini kilitangulia. Ukienda na utafiti wa nje peke yake watakwambia siyo kwetu, ukienda na daftari la wodi yenu hawawezi kusema hivo.

---

Mchangiaji wa 2 (Singida)

Dada nimesoma yote. Ile ya dripu sikuwa naijua, nimemimina sana miaka hiyo. Imenikaa vibaya lakini asante. Hospitali yetu sijui kama ina hiyo Hinari, naanzia kwa nani?

---

Mleta uzi

Kaka sote tulimimina, tulifundishwa hivo. Anzia kwa mtu wa TEHAMA wa hospitali au kitengo cha mafunzo, muulize kama taasisi imesajiliwa na paswedi iko wapi. Kama haijasajiliwa, fomu ya kuomba inajazwa kwenye tovuti ya Research4Life, mpango ambao Hinari iko ndani yake, inataka jina la kiongozi wa taasisi na mtu mmoja wa kusimamia. Jitolee kuwa huyo wa kusimamia, alafu paswedi iandike mahali ambapo hata ukihama watu wataikuta.

Naingia zamu saa mbili usiku, viti vyote vitatu vina watu na kuna mama wa nne anasubiri, mtoto wake ana kilo 1.1. Dada wa Kondoa kama utaweza tuelekeze vizuri ile ya maji ya rangi mlifanyaje, ni mils ngapi kwenye kitenge cha aina gani, nataka kuwapelekea wakunga wa huku wiki ijayo. Nitarudi asubuhi kujibu waliobaki.